Baba Hakula Mikumi

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, nahesabu mbegu. Duka letu la pembejeo liko karibu na soko la Kilosa, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye diploma ya kilimo, kazi ya kupima uotaji wameniachia. Nachukua punje mia moja kutoka kila gunia jipya, nazipanga kumi kumi juu ya gazeti lililoloweshwa maji, nalikunja, naandika tarehe. Baada ya siku saba nalifungua na kuhesabu zilizoota. Naipenda kazi hii kwa sababu haihitaji kuongea na mtu.

Siku hiyo nilikuwa nimefika punje ya sitini na tatu simu ilipoita. Nikaona jina la baba. Baba yangu, Mzee Budeba, hapigi simu. Anabipu, kisha anasubiri apigiwe hata kama ni kutwa nzima. Nikapokea haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna mtu amekufa huko?"

"Hapana baba. Wewe ndiye umepiga."

"Basi vizuri." Nilisikia ng'ombe nyuma yake, kule kwetu Msowero, na mtu akipiga mluzi. "Yule kijana wako amenipigia. Elia. Anasema Jumamosi twende tukale Mikumi, kwenye hoteli ya Wazungu. Mimi na baba yako mdogo, yeye na wazazi wake. Na wewe."

Nilijua. Elia alikuwa ameniambia siku tatu kabla, nami sikujua nimwambie baba kwa maneno gani, kwa hiyo sikumwambia.

"Sasa wewe unasemaje?" baba akauliza.

"Utakavyo wewe, baba."

"Haya," akasema, akakata.

Nilikuwa nimesahau hesabu. Nikakusanya punje zote sitini na tatu, nikaanza upya.

Ilikuwa mara ya tatu baba ananiuliza kuhusu Elia. Mara ya kwanza aliniuliza zizini, mara ya pili tukitoka kanisani, na mara zote nilijibu vilevile. Kwa binti wa kwetu hilo ndilo jibu la ndiyo. Anayekataa hulia, au hukimbilia kwa bibi yake. Mimi sikulia na sikukimbia. Nilidhani nimeshasema kila kitu.

Elia ni dereva wa watalii pale Mikumi. Nilimfahamu miaka miwili iliyopita alipokuja dukani kumnunulia baba yake mbegu za mpunga, akaniuliza maswali manane, nikamjibu matatu, akarudi wiki iliyofuata na yale matano yaliyobaki. Wazazi wake ni wakulima wa Kilangali, watu wa siku nyingi katika bonde lile. Sisi ni Wasukuma, tumekuja na ng'ombe nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mtu wa Kilosa hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mzee Lazaro, baba yake Elia, aliwahi kuamka asubuhi akakuta robo eka ya mpunga wake imeliwa mpaka kwenye maji. Ng'ombe wale hawakujulikana ni wa nani. Hawakuwa wa kwetu, kwetu ni mbali na pale, lakini baba huwa anahisi kila mkulima akimtazama anahesabu kwato.

Ndiyo maana Elia alichagua Mikumi. Kula kwa Mzee Lazaro kungeonekana kama sisi tumejipeleka. Kula kwetu, Mzee Lazaro angelazimika kupita katikati ya ng'ombe mia na ishirini huku anatabasamu. Mikumi haikuwa ya mtu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Elia alilijua, maana nilimweleza mwenyewe. Katika ukoo wetu, siku familia mbili zinapokaa kwenye chakula kwa mara ya kwanza, macho yote yanakuwa kwa baba wa binti. Akila, mlango umefunguliwa, wanaweza kuleta posa. Asipokula, habari imekwisha. Haulizwi sababu, wala hakuna maneno makali. Watu wanaagana vizuri na hawarudi tena.

"Atakula," Elia aliniambia. "Pale hata asiye na njaa anakula."

Jumamosi baba na baba mdogo Shimba walifika Kilosa mapema na gari la Dumila. Baba alivaa koti lake la Krismasi. Mama hakuja. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mtu anayetaka kumuoa binti yake, hata iwe Mikumi. Elia alikuja na gari la kazini, lile refu lenye paa la kufunguka, bosi wake alikuwa amemruhusu. Baba mdogo akalizunguka mara mbili.

"Hili paa linafunguka ili iweje?"

"Ili watalii wasimame waone wanyama, baba," Elia akasema.

"Na wanyama wanalipia kuwaona watalii?" Akapanda, akakaa siti ya mbele kabisa.

Kilangali tukawachukua wazazi wa Elia. Mama yake, Mama Elizabeti, aliniinamia akanishika mikono yote miwili nilipomwamkia. Mzee Lazaro na baba wakasalimiana kwa adabu, kisha wakazungumza kuhusu mvua. Mvua ilitusaidia kama dakika kumi. Baada ya hapo wakatazama kila mtu dirisha lake.

Hoteli ilikuwa nzuri kuliko nilivyofikiri. Ukumbi haukuwa na kuta upande mmoja, na chini yake kulikuwa na bwawa ambalo nyumbu na swala walikuja kunywa maji. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe kiasi kwamba Mama Elizabeti aliweka mikono mapajani asije akavichafua. Elia alitembea mbele yetu kama mwenyeji, lakini niliona hajui mlango wa msalani uko wapi. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Miaka yote hiyo analeta watu pale, yeye huishia kwenye banda la madereva nyuma ya jiko, anakula ugali na maharage na wenzake. Alijua tu kwamba wageni wake huingia wamechoka na hutoka wanacheka.

Mhudumu alikuwa kijana nadhifu, kwenye kifua ameandikwa Kornelio. Akamgawia kila mtu kitabu chenye jalada la ngozi. Kilikuwa cha Kiingereza, na si Kiingereza cha chuoni kwetu. Nilisoma ukurasa mzima nikaelewa neno kuku na neno ndimu.

"Mngependa kuanza na nini?" Kornelio akauliza, akamgeukia baba kwanza kwa kuwa ndiye aliyeonekana mkubwa. "Mzee wangu, utakula nini?"

Kwetu mgeni haulizwi atakula nini. Ukimuuliza, umemwambia hukupika. Chakula huletwa, mgeni husema ameshiba, mwenyeji husema hata tonge moja, mgeni husema kweli ameshiba, mwenyeji husema unaniaibisha, ndipo mgeni hunawa na kula mpaka sahani inang'aa.

"Mimi nipo sawa," baba akasema.

"Hata supu, mzee?"

"Nipo sawa, asante kijana."

Kornelio akainamisha kichwa kwa heshima, akahamia kwa Mzee Lazaro. Hakuandika kitu. Hakurudi kuuliza mara ya tatu. Nilitaka kumwambia Elia. Nilitaka kumwambia Kornelio. Nilisogeza uma wangu kidogo kulia.

Wengine waliagiza kwa kuonyesha kidole. Mzee Lazaro alisema alete kinacholiwa na wengi. Baba mdogo aliagiza nyama ya ng'ombe, akasema akiletewa nyingine ataitambua. Mimi niliulizwa, nikasema chochote, akaniandikia nyama kama ya baba mdogo.

Kwanza ikaja supu. Mama Elizabeti akaionja, akatazama huku na huku, akamnong'oneza Elia, "Mwanangu, wamesahau kuipasha."

Elia akamwita Kornelio. Kornelio akaeleza kwa upole kwamba supu hiyo huliwa baridi. Ni tango na mtindi.

"Tango ni kachumbari," Mzee Lazaro akasema. "Nani amelipika?"

"Halijapikwa, mzee."

"Basi si supu hiyo."

"Kwetu ndama akitapika hivi," baba mdogo akasema, "tunampigia simu bwana mifugo."

Mama Elizabeti akafunika mdomo na kitambaa. Mzee Lazaro akamwangalia baba mdogo kama anamwona kwa mara ya kwanza siku hiyo, na bega lake likatikisika kidogo. Nikapumua. Nikamtazama baba, naye alikuwa anatabasamu. Lakini mbele yake hapakuwa na bakuli.

Tukakaa zaidi ya saa nzima. Kikapu cha mikate midogo kiliisha, kikaletwa kingine kikaisha. Nyumbu walikunywa wakaondoka, wakaja wengine. Baba hakugusa mkate. Nilijiambia anasubiri abembelezwe, na kwamba chakula chenyewe kikija mambo yatanyooka.

Chakula chenyewe kikaja kwenye sahani kubwa kama ungo, na katikati yake kitu kidogo kama kiberiti. Wali ulikuwa umegeuzwa kwenye kikombe, umesimama peke yake na jani moja juu. Mzee Lazaro akachukua punje moja kwa kidole, akaipeleka kwenye mwanga, akaipasua kwa ukucha.

"Huu si wa kwetu," akasema. "Huu umepanda meli. Tumepita katikati ya mpunga njia nzima kuja kula mpunga wa meli."

Baba mdogo naye alikuwa amekata nyama yake. Damu ikatoka ikazunguka jani. Akaitazama kwa makini, kama anavyomtazama ng'ombe mnadani.

"Mzee Lazaro."

"Naam."

"Huyu ukimpigia mluzi anaamka."

Hapo Mzee Lazaro alicheka kweli, mpaka akatoa leso kufuta macho. Watu wa meza ya jirani wakageuka. Elia peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama sahani moja baada ya nyingine, uso umemshuka. "Huwa wanasifia," akaniambia polepole. "Kila mara wanasifia, Limi. Sielewi."

Nami sikuelewa. Lakini sikuwa naona huruma kwa ajili ya chakula, nilikuwa namwonea huruma yeye, na hilo nalo sikujua namna ya kulisema.

Hakuna aliyeanza kula. Tulikaa mikono mapajani, na Kornelio akasimama pembeni mikono nyuma, wote tunasubiriana. Ilichukua muda mpaka nikagundua tunachosubiri ni maji ya kunawa. Hakuna aliyeyaleta, na yeye hakujua kama anasubiriwa. Wali ulikuwa unapoa. Mwishowe Mama Elizabeti akainuka mwenyewe, akachukua chupa ya maji ya kunywa na bakuli tupu la supu. Akaenda moja kwa moja kwa baba, maana ndivyo inavyotakiwa, akapiga goti nusu.

"Karibu unawe, mzee wangu."

Baba akarudisha mikono yake nyuma. Alifanya taratibu, bila dharau, kama mtu anayempisha mwenzake njiani.

"Wape hao, mama. Mimi nipo sawa."

Mama Elizabeti alibaki pale na chupa. Yeye ni mtu mzima, alielewa. Mzee Lazaro alielewa. Kicheko kilikuwa bado kwenye midomo yao, kikabaki hapo bila kazi.

Nikamvuta Elia mkono chini ya meza. Kwa watu wangu hilo lilikuwa kosa kubwa, lakini nilinong'ona, "Mbembeleze. Mara tatu."

Elia akasimama. "Baba, tafadhali, hata kidogo. Kama hiki hakifai niagize kingine. Kuna kuku."

"Asante, kijana. Nipo sawa."

"Hata kipande kimoja tu, baba, kwa heshima yetu."

"Nimeheshimika sana. Nipo sawa."

"Baba, unatuaibisha."

Niliomba Mungu. Hapa ndipo mgeni hucheka, akasema basi leteni maji. Baba alimtazama Elia kwa muda, na macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa na huzuni.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Kula wewe."

Mzee Lazaro akasogeza sahani yake pembeni. "Mzee mwenzangu. Kama ni habari ya ng'ombe na mpunga wangu, mimi sikuwahi kusema walikuwa wako."

"Najua hukusema."

"Au ni chakula hiki. Chakula hiki hata mimi kimenishinda."

"Si chakula."

"Basi tumekosa nini?"

"Hamjakosa neno," baba akasema. Akainuka, akavuta koti lake vizuri, akashuka ngazi kuelekea bwawani.

Baba mdogo Shimba, ambaye sijawahi kumwona hana la kusema, alinitazama akafungua mikono. Hata yeye hakujua.

Nilimfuata baba. Sikuamua, nilijikuta tu nimeshuka ngazi. Alikuwa amesimama penye uzio, anatazama nyumbu jike na mtoto wake.

"Huyu mtoto ana minyoo," akasema bila kugeuka. "Ona manyoya yake."

"Baba," nikasema. "Wale hawajui desturi ya hoteli hii. Sisi pia hatujui. Kornelio hakujua kwamba anatakiwa akuulize tena. Sio kwamba wamekudharau."

Akageuka. "Limi, unadhani mimi sijui menyu?"

Akaionyesha hoteli kwa kidevu.

"Mwaka niliopeleka ng'ombe mnadani Pugu, wewe ulikuwa darasa la pili, tajiri mmoja alinipeleka hoteli ya ghorofa. Akaniletea kamba wa baharini, mzima, na ndevu zake. Nilimla na ndevu. Nilimla kwa sababu nilikuwa nataka biashara ya yule mtu. Anayetaka jambo, anakula. Usifikiri leo nimeshindwa na tango."

"Sasa baba…" Njia nzima, na mezani pale, nilikuwa nimemhurumia kama mgeni aliyepotea. Kumbe hakuwa amepotea. "Sasa kwa nini?"

Akatazama mikono yake kwanza.

"Dada yako Winnie. Unakumbuka nilipomuuliza kuhusu yule wa Dakawa?"

"Nilikuwa mdogo."

"Alinijibu, utakavyo wewe, baba. Nikafurahi. Nikasema nimelea binti mwenye adabu. Nikaenda nikala, nikala sana, walichinja mbuzi wawili. Miaka minne baadaye akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, na sikio moja halisikii. Aliniambia neno moja tu. Aliniambia, mimi sikumtaka tangu mwanzo, ulikula wewe."

Nilijua Winnie alirudi. Nilijua habari ya sikio. Hayo mengine sikuwahi kuyasikia, na Winnie ninalala naye chumba kimoja kila nikienda nyumbani.

"Na wewe nimekuuliza mara tatu," baba akasema. "Mara tatu unaniambia utakavyo wewe. Si mimi nitakayekwenda kuishi Kilangali. Nimekuja mpaka huku nikiwaza, labda nitamwona anavyomtazama yule kijana, nitajua. Nimekutazama tangu asubuhi. Unatazama meza. Basi nikasema sitafungua mdomo huu mpaka wewe ufungue wako. Nisipokula, lawama ni yangu. Watasema mzee Msukuma ana kiburi. Hayo nimeyazoea."

Nilisimama pale na maneno yote ninayo. Nilikuwa nayo tangu siku ile ya maswali manane. Namtaka, baba. Nimemtaka kila siku kwa miaka miwili, hata ninapohesabu mbegu namwaza mpaka napoteza idadi. Nikafungua mdomo.

"Wewe ndiye unayejua, baba," nikasema.

Sielewi mpaka leo kwa nini nilisema hivyo. Niliyasikia yanatoka kama ya mtu mwingine. Baba akanitazama, akatikisa kichwa, akaniwekea mkono begani kidogo kisha akautoa.

"Haya," akasema. "Twende tukawaage."

Tulipanda ngazi, yeye mbele. Mezani hakuna aliyekuwa ametia kitu kinywani. Baba mdogo alikuwa amejaribu kuanzisha hadithi ya fisi, ikafia njiani. Mama Elizabeti alikuwa anakunja kanga yake. Kornelio alisogea, akauliza kwa sauti ya chini kama aondoe sahani, na Elia akamwambia ndiyo, ondoa tu. Hakuniangalia. Alikuwa anatazama kile kitambaa cheupe.

Baba hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mzee Lazaro," akaanza, "na wewe mama. Tunashukuru kwa wito wenu. Mmetutoa mbali, mmetuweka mahali pazuri…"

Ni maneno ya kuagana. Nilishayasikia mara nyingi, yana mwanzo na mwisho, na yakifika mwisho hayarudishwi. Kornelio alikuwa ameshainua sahani tatu, ya mwisho ya baba mdogo. Akanyoosha mkono kuchukua yangu.

"Acha," nikasema.

Sidhani alinisikia, maana hata mimi sauti yangu sikuisikia vizuri. Nikaishika sahani. Akaiachia. Nikaisukuma mpaka mahali pa baba, pale palipokuwa patupu tangu tuingie, ile nyama na damu yake na wali uliosimama. Kisha nikachukua chupa ya maji na bakuli. Maji yakamwagika kwenye kile kitambaa cheupe, Mama Elizabeti akashtuka kama anataka kunisaidia, halafu akarudisha mkono wake akaacha.

Nikaenda mpaka kwa baba nikapiga magoti.

"Nawa, baba."

Aliacha kuzungumza. Elia alikuwa amenyanyua uso.

Baba hakutoa mikono yake kwenye kiti. "Ninawe kwa nini, Limi?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza taratibu sana, na akasubiri, na nikajua safari hii hatanisaidia hata kwa neno moja.

Nilitazama bakuli. Halafu nikainua macho nikamtazama Elia, mbele ya baba yake na mama yake na baba mdogo na Kornelio mwenye sahani tatu mkononi.

"Kwa sababu namtaka Elia, baba," nikasema. "Nataka anioe. Nyama haijaiva na wali umepoa, lakini naomba ule."